Akaunti ya dola ya kampuni nchini Tanzania: kuifungua, kuitumia na kuizuia isikule faida

Kabla hujaenda benki, weka kando swali la kama dola itapanda au itashuka. Jiulize hivi: katika siku 90 zijazo kampuni itapokea kiasi gani kutoka nje, na itatakiwa kulipa kiasi gani nje? Majibu yote mawili yakiwa sifuri, akaunti ya fedha za kigeni haina kazi kwako. Utalipa ada ya kila mwezi kwa hela iliyolala. Ukiwa na namba upande mmoja, inaweza kukufaa. Ukiwa na namba pande zote mbili, unaihitaji, kwa sababu bila hiyo unalipa gharama isiyoandikwa popote kwenye taarifa ya benki, yaani pengo kati ya bei ya benki ya kununua na bei yake ya kuuza.

Tuchukue namba za mfano. Benki inanunua dola kwa sh 2,480 na kuiuza kwa sh 2,530. Kampuni ya Njombe inayouza parachichi Ulaya imepokea dola 20,000, na baada ya wiki tano inatakiwa kulipa dola 15,000 za vifungashio vinavyotoka nje. Ikizibadili zote siku zinapoingia, zile dola 15,000 zitageuka sh 37,200,000. Wiki ya tano ikirudi kuzinunua, itatoa sh 37,950,000. Sh 750,000 zimeondoka na bei sokoni haijatikisika hata senti. Mwenye akaunti ya dola angebadili 5,000 tu na kuziacha 15,000 zisubiri ankara.

Faida ya uhakika ya akaunti hii ndiyo hiyo, kupokea na kulipa kwa sarafu ileile. Mengine yote ni kubahatisha, na kubahatisha kuna siku zake. Mwaka 2023 na sehemu kubwa ya 2024 dola zilikuwa haba, shilingi ikaporomoka, na aliyelala na dola alionekana mjanja. Desemba 2024 shilingi ilipanda kwa kishindo na walioficha dola wakazibadili kwa hasara. Kampuni haiwezi kupangia mishahara ya watu kwenye mchezo huo.

Sheria inaruhusu nini, inakataza nini

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo mawili. Kumiliki fedha za kigeni na kuziweka kwenye akaunti ndani ya nchi kunaruhusiwa. Kinachokatazwa ni kuzitumia kama fedha ya kulipana humu ndani. Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025, zilizoanza kutumika 28 Machi 2025, zinakataza kutaja, kutangaza au kupokea bei ya bidhaa au huduma ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, na kumlazimisha mtu alipe hivyo. Kuna walioachwa nje ya katazo, wakiwamo ofisi za kibalozi na mashirika ya kimataifa, maduka yasiyotoza ushuru, na mikopo ya fedha za kigeni inayotolewa na benki. Mikataba ya zamani ilipewa muda usiozidi mwaka mmoja kujirekebisha.

Kwa akaunti yako hii ina maana kwamba pango la ofisi ya Masaki, ada ya wakala wa forodha bandarini, kodi ya ghala, karo ya mafunzo na ankara ya mshauri aliyeko Arusha havilipwi kutoka akaunti ya dola kwenda akaunti ya dola. Hata kama wote wawili mko benki moja na mmekubaliana, afisa atauliza lengo la malipo na atayarudisha. Ujanja wa kuandika "shilingi sawa na dola 1,000 kwa kiwango cha siku ya malipo" nao usiutegemee, maana bei yenyewe bado imetajwa kwa dola, na kutaja ndiko kulikokatazwa. Ukiogopa shilingi kushuka, weka bei kwa shilingi na kifungu cha kuipitia upya kila robo mwaka.

Akaunti iliyo nje ya nchi ni habari nyingine kabisa. Kampuni yenye makazi Tanzania inahitaji idhini ya Benki Kuu kabla ya kufungua akaunti Dubai au London. Usiige jirani aliyefungua kwa simu akiwa safarini. Siku hela itakapotakiwa kurudi nyumbani, maswali yatakuwa mengi kuliko dola zenyewe.

Kufungua

Kampuni yenye akaunti ya shilingi katika benki ileile ina kazi ndogo, kwa kuwa nyaraka nyingi tayari ziko kwenye faili. Kampuni mpya ijiandae na cheti cha usajili na katiba ya kampuni kutoka BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), taarifa ya karibuni ya wakurugenzi na wanahisa, taarifa za wamiliki manufaa (watu halisi wanaonufaika na kampuni), namba za mlipakodi (TIN) za kampuni na za wakurugenzi, leseni ya biashara, vitambulisho vya NIDA vya watia saini au pasi za kusafiria na vibali vya ukaazi kwa wageni, picha, na uthibitisho wa anwani. Zanzibar usajili unatoka BPRA. Nakala zithibitishwe na wakili. Utajaza pia fomu ya FATCA inayouliza kama kampuni au wamiliki wake wana uhusiano wa kikodi na Marekani; ijaze hata kama jibu ni hapana kila mahali, kwani benki inayotumia dola haiwezi kuiruka.

Karatasi inayorudishwa mara nyingi kuliko zote ni azimio la bodi. Linaandikwa haraka, linakosa mambo matatu, na wiki inapotea. Liandikwe hivi:

- Sarafu. Usiandike "akaunti ya dola" peke yake. Andika "dola ya Marekani, euro, pauni na fedha nyingine yoyote ya kigeni itakayohitajika", la sivyo siku mteja wa Ujerumani akitaka kulipa euro mtakaa kikao kingine.
- Watia saini na mipaka yao. Nani anaandaa malipo, nani anaidhinisha, na kuanzia kiasi gani zinahitajika saini mbili. Mpaka uandikwe kwa dola, kwa sababu mpaka wa shilingi ulionakiliwa kutoka akaunti ya kawaida huleta ubishi kaunta.
- Njia ya maelekezo. Benki ya mtandaoni, barua yenye saini, au vyote. Barua pepe peke yake isiwe njia.

Fungua akaunti ya hundi, siyo ya akiba, kama unategemea malipo ya mara kwa mara. Kwa kiasi ambacho una hakika hutakigusa kwa miezi mitatu au sita, omba amana ya muda maalumu ya dola. Riba yake huwa chini ya ile ya shilingi, na inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 kabla hujaiona. Ada za benki nazo zinatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 na VAT, kwa hiyo ukiambiwa kutuma hela nje ni dola 40, uliza kama kodi hizo zimo.

Ukilinganisha benki, usiridhike na bango la ada. Uliza mambo yanayouma baadaye: tofauti yao ya kununua na kuuza kwa kiasi kama chako, makato ya kupokea hela kutoka nje, saa ya mwisho ya kupokea maelekezo ya siku hiyo, benki ya kati (ile ya nje inayopitisha hela hadi kwao) wanayoitumia kwa dola na kwa euro, na kama wanakata asilimia ukitoa dola taslimu. Benki yenye ada ya mwezi ya bure lakini tofauti ya shilingi 80 kwa dola itakugharimu kuliko yenye ada ya dola 10 na tofauti ya 30.

Kupokea hela bila kuzipunguza njiani

Mteja wa nje hahitaji IBAN, ile namba ndefu ya akaunti inayotumika Ulaya, kutoka kwako. Tanzania haitumii IBAN. Mifumo ya Ulaya hulazimisha kisanduku hicho kijazwe, mteja anakwama, na anakuandikia kwamba namba yako ina makosa. Mwambie achague malipo ya kimataifa kwenda nchi isiyo na IBAN, aweke namba ya akaunti kama ilivyo na msimbo wa SWIFT wa benki yako, yaani utambulisho wake wa kimataifa. Msimbo huo una herufi 8 au 11, na ya tano na ya sita lazima ziwe TZ. Zikisoma kitu kingine, umempa wa benki ya kati.

Kwenye ankara weka maelezo kamili, siyo namba ya akaunti tu:

Jina la kampuni neno kwa neno kama lilivyo kwenye cheti cha usajili; anwani yenye mji na nchi; namba ya akaunti ya sarafu husika; jina la benki na tawi; msimbo wa SWIFT; benki ya kati ya sarafu hiyo na msimbo wake; namba ya ankara iandikwe kwenye maelezo ya malipo; makato yote ya benki juu ya mlipaji.

Jina ni la kutazamwa sana. "Kampuni fulani Limited" na "Kampuni fulani Ltd" benki nyingi huvumilia. Jina la biashara ambalo halimo kwenye akaunti halivumiliwi, na hela hukaa kwenye akaunti ya kusubiri hadi mlipaji atume marekebisho, ambayo nayo yana ada.

Makato yana aina tatu. OUR ni mtumaji kulipa yote, SHA kila mmoja kulipa ya upande wake, BEN mpokeaji kubeba yote. Mteja asipoambiwa chochote, mfumo wake huchagua SHA. Hapo ankara ya dola 5,000 inaweza kufika 4,965, mhasibu hawezi kuifunga, na dola 35 zinabaki zikining'inia kwenye vitabu mwaka mzima. Hata OUR si ngao kamili, kwani benki ya katikati wakati mwingine hujichukulia chake. Kama biashara yako ni ya ankara ndogondogo, weka gharama hiyo ndani ya bei au wakusanye wateja walipe kwa mwezi.

Kosa la gharama zaidi ni sarafu isiyolingana. Euro ikitumwa kwenye akaunti ya dola kwa kawaida hairudi, hugeuzwa. Mara nyingi hugeuzwa kwa hatua mbili, euro kwenda shilingi kisha shilingi kwenda dola, na kila hatua ina pengo lake. Hukuombwa ruhusa na huwezi kuirudisha nyuma. Mteja wa euro apewe namba ya akaunti ya euro, iliyoandikwa kwa herufi nene, na ile ya dola isionekane kabisa kwenye ankara yake.

Hela ikichelewa, usiulize "imefika?" Muombe mlipaji nakala ya ujumbe wa SWIFT, ambao wengi bado wanauita MT103 ingawa muundo wa ujumbe umebadilika, pamoja na namba ya ufuatiliaji iitwayo UETR yenye alama 36. Kwa namba hiyo benki yako inaona hela imesimama benki gani na kwa sababu gani. Sababu huwa chache: jina halilingani, anwani haina mji, lengo la malipo halieleweki, au jina lako limefanana na la mtu aliyewekewa vikwazo na mtu fulani New York anasubiri maelezo. La mwisho linajibiwa kwa ankara, hati ya usafirishaji wa mzigo na barua fupi ya shughuli za kampuni. Jibu siku hiyohiyo. Ukikaa kimya muda mrefu hela hurudishwa ilikotoka, ikiwa imekatwa mara mbili.

Kubadili: bei ya ubaoni si bei yako

Bei iliyo kwenye ubao wa tawi ni ya mtu aliyeingia na dola 300. Kampuni yenye dola 10,000 na kuendelea inazungumza na dawati la fedha za kigeni, moja kwa moja au kupitia meneja wake. Fungua kwanza ukurasa wa Benki Kuu ya Tanzania uone viwango vya siku hiyo, halafu uliza benki mbili au tatu ndani ya dakika kumi zilezile. Useme kiasi na upande: "Nauza dola 25,000, nataka bei ya sasa." Ukitaja upande mapema bila kuwa na benki ya pili mkononi, bei inakugeukia.

Ukikubali kwa simu, umefunga biashara. Andika saa, jina la aliyekupa bei na bei yenyewe, na omba uthibitisho kwa maandishi. Malipo ya kawaida ya soko ni siku mbili za kazi baadaye. Ukitaka shilingi leo, sema leo, na bei inaweza kusogea kidogo. Kumbuka pia kwamba dola hupitia benki za Marekani. Sikukuu ya huko ni sikukuu ya hela yako, hata kama Kariakoo ni siku ya kazi.

Usibadili siku ya mishahara. Siku hiyo huna nguvu ya kukataa bei. Kampuni zinazopokea dola na kulipa gharama nyingi kwa shilingi hufanya vizuri zikigawa mahitaji ya mwezi mafungu matatu au manne na kubadili siku zilizopangwa, bei iwe imependeza au haikupendeza. Wastani wa mafungu hayo haupati bei ya juu kabisa ya mwezi, na haupati ya chini kabisa pia.

Upo wakati una dola na unahitaji shilingi kwa muda tu: mzigo wa msimu unanunuliwa sasa, ankara ya nje inakuja baada ya miezi miwili. Kuziuza dola na kuzinunua tena ni yale mahesabu ya parachichi pale juu. Omba benki mambo mawili kisha linganisha. La kwanza ni mkopo wa shilingi wa muda mfupi kwa dhamana ya amana yako ya dola. La pili ni kubadilishana kwa mkataba, ambapo unauza dola leo na kufunga leo hii bei ya kuzinunua siku 60 zijazo. Chagua lile ambalo gharama yake yote, riba na ada ndani yake, ni ndogo zaidi, mradi iko chini ya pengo la kununua na kuuza.

Mkataba wa kufunga bei ya mbele unawafaa pia wanaoagiza bidhaa. Bei yake haitoki kwenye utabiri wa mtu; inatokana na tofauti ya riba za sarafu mbili. Tuseme bei ya leo ni 2,500 na riba ya shilingi inaizidi ya dola kwa asilimia 4 kwa mwaka. Kwa siku 90 tofauti ni kama asilimia 1, hivyo bei ya mbele itakuwa karibu na 2,525, kisha benki inaongeza faida yake. Ukipewa 2,600 uliza hiyo 75 ni ya nini. Mkataba huu unakubana: dola zikishuka hadi 2,400 bado utazinunua kwa bei mliyofunga. Funga kwa ankara ulizonazo mkononi, siyo kwa mauzo unayoyatumaini.

Kulipa nje

Benki itataka nyaraka zinazoonyesha unalipa nini. Kwa bidhaa ni proforma (ankara ya awali) au ankara, na mzigo ukishafika, hati ya usafirishaji na hati ya forodha ya TANSAD. Ukilipa kabla ya mzigo kufika, benki inabaki inakudai uthibitisho kwamba uliingia. Wengi husahau kuupeleka, na malipo yanayofuata huzuiwa kwa sababu ya yale ya miezi minne iliyopita. Weka daftari la malipo ya awali yenye mzigo ambao haujathibitishwa. Safu nne zinatosha: tarehe, muuzaji, kiasi, tarehe ya kupeleka TANSAD benki.

Huduma kutoka nje zina mtego wake wa kodi. Ankara ya ushauri ya dola 4,000 kwa mtu asiye mkazi ina kodi ya zuio ya asilimia 15. Unalipa 3,400 nje na kuwasilisha sawa na 600 TRA kwa shilingi. Kama mkataba unasema muuzaji apokee 4,000 kamili, kodi haifutiki, inahamia kwako: 4,000 unagawa kwa 0.85, unapata 4,705.88, na kodi ni 705.88. Soma kifungu hicho kabla ya kusaini mkataba, siyo siku ya kulipa. Kwa gawio, benki huomba pia hesabu zilizokaguliwa, azimio la bodi na uthibitisho wa kodi.

Kwa malipo ya Kenya, Uganda au Rwanda usiende moja kwa moja kwenye dola kwa mazoea. Muuzaji wa Nairobi anayepokea shilingi ya Kenya anaweza kulipwa kwa sarafu yake kupitia EAPS, mfumo unaounganisha benki kuu za Afrika Mashariki. Uliza bei ya shilingi kwa shilingi, ilinganishe na njia ya kupitia dola, chagua iliyo chini.

Muuzaji mpya anayedai malipo yote kabla ya kusafirisha, na wewe humjui, mpe LC: benki inaahidi kumlipa akileta nyaraka zilizo sahihi. Benki inaweza kutaka uweke dola zote pembeni kama dhamana, kwa hiyo hesabu hela hiyo kama imeshaondoka. Kosa moja la herufi kati ya LC na hati ya mzigo linatosha kuzuia malipo, na kila marekebisho yana ada.

Mkopo kutoka nje una kanuni yake. Mkopo wa zaidi ya siku 365, hata ukiwa ni wa mwanahisa wako mwenyewe aliyeko Mumbai, unasajiliwa Benki Kuu kupitia benki yako na kupewa DRN, namba ya kumbukumbu ya deni. Bila namba hiyo, siku ya kurejesha benki haitatuma. Mwanahisa akileta dola 50,000 "tutaandika baadaye kama ni mtaji au mkopo", hiyo baadaye ni siku mbaya. Andikeni mkataba au azimio la mtaji kabla hela haijaingia, na maelezo ya SWIFT yaseme hivyohivyo.

Dola taslimu

Iepuke. Noti za 1, 5, 10 na 20 hununuliwa kwa bei ya chini kuliko za 50 na 100, na noti za matoleo ya zamani, zilizochanika au kuandikwa hukataliwa. Sababu yake ni kwamba benki haiwezi kuzitumia humu ndani, inazikusanya, inazikatia bima na kuzisafirisha nje, na noti za dola moja zina uzito uleule wa za mia. Kuweka na kutoa taslimu kwenye akaunti ya dola mara nyingi kuna makato ya asilimia ambayo uhamisho hauna. Muamala wa taslimu wa dola 10,000 au zaidi unaripotiwa kwenye kitengo cha kudhibiti fedha haramu, na kuugawa vipande vya 9,500 ili usiripotiwe ndiko kunakotia shaka zaidi. Mpakani na uwanja wa ndege, anayebeba kiasi hicho anatakiwa kukitamka forodhani.

Kiasi cha kuacha

Chora jedwali la wiki 13. Kila wiki andika yanayoingia kwa kila sarafu, ukiyapunguza kwa uzoefu wa wateja wako. Mteja wa siku 30 anayelipa siku ya 48 aandikwe kwenye siku ya 48. Andika yanayotoka kwa tarehe za ankara. Kisha jumlisha kwenda mbele. Wiki yenye upungufu mkubwa kuliko zote ndiyo inayokuambia unahitaji kuanza na kiasi gani. Ongeza akiba ya malipo makubwa mawili ya kawaida kwa ajili ya uchelewaji. Kinachozidi hapo badilisha, hasa kama una deni la shilingi lenye riba. Kulaza dola 30,000 bila kazi huku unalipia mkopo wa shilingi kwa asilimia 16 ni kukodi nyumba ya pili ambayo hulali.

Upande wa pili wa jedwali hilo: kampuni inayouza kwa shilingi tu isikubali mkopo wa dola kwa kuvutiwa na riba ndogo. Mkopo wa dola 100,000 uliochukuliwa bei ikiwa 2,350 na kurejeshwa ikiwa 2,650 umeongezeka shilingi milioni 30 kabla ya riba.

Vitabu na ulinzi

Akaunti ya kila sarafu iwe na leja yake, inayoonyesha kiasi cha sarafu na thamani ya shilingi sambamba. Siku ya kupokea tumia kiwango cha siku hiyo. Mwisho wa mwezi pima upya salio la benki, wadaiwa na wadai kwa kiwango cha kufungia. Tofauti iende kwenye faida au hasara ya viwango. Malipo ya awali ya bidhaa hayapimwi upya, yanabaki kwenye kiwango cha siku uliyolipa, na wahasibu wengi hukosea hapo. Tenganisha tofauti iliyotokea kweli, yaani deni limelipwa au dola zimeuzwa, na ile ya vitabuni tu, kwani TRA haizitazami kwa jicho moja. Usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha leja na taarifa ya benki, ufanywe kwa dola kwanza. Ukilingana huko ndipo uende kwenye shilingi. Ukianza na shilingi utatafuta kosa la benki ambalo ni la kiwango.

Wizi mkubwa wa akaunti hizi hauanzii benki. Unaanza na barua pepe ya "muuzaji" wako wa China inayosema wamebadili benki, ikiwa na ankara ileile, nembo ileile, na namba mpya ya akaunti iliyoko nchi nyingine. Sheria iwe moja: mabadiliko ya akaunti ya muuzaji hayakubaliwi hadi mtu apige simu kwa namba iliyokuwa kwenye mkataba wa zamani, siyo iliyo kwenye barua hiyo, na azungumze na mtu anayemfahamu. Malipo ya kwanza kwenda akaunti mpya yawe madogo, yathibitishwe, ndipo makubwa yafuate. Anayeandaa malipo asiwe na kifaa cha kuidhinisha, hata kama bosi amesafiri. Mtia saini akiacha kazi, azimio la kumwondoa lifike benki siku hiyohiyo na uombe nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kwa sababu benki itaendelea kuiheshimu saini yake hadi ipate karatasi hiyo.